Namba inayofuata: mtoto anayeuliza "kwa nini isiwe nyingine?"

*"Mwalimu, naomba msaada. Mwanangu yuko darasa la tano. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha hana shida, lakini swali la 'andika namba inayofuata' anakosa karibu kila mara. Kwenye 3, 6, 12, 24 aliandika 36. Kwenye 0.7, 0.8, 0.9 aliandika 0.10. Kwenye 2, 3, 5, 7, 11 aliandika 15. Nikimwambia atafute tofauti kama tulivyofundishwa sisi, ananiambia: 'Mama, kwani nani kasema lazima iwe hiyo? Kwa nini isiwe nyingine?' Nimeona kama ananijibu kwa jeuri. Halafu kuna moja imetutoa jasho: 3, 5, 9, 17. Mimi nimepata 33, binti wa jirani aliye kidato cha tatu kapata 31, na njia kaionyesha. Je, mtoto ana tatizo la akili ya hesabu? Nimtafutie tuisheni, au nimkaririshe mitihani ya nyuma? Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hauko mbali."*

Mama, nianze na hilo la jeuri. Mwanao hakukukosea adabu. Ameuliza swali ambalo wanahisabati wenyewe hulichukulia kwa uzito, na ukweli ni kwamba yuko sahihi: namba tatu au nne zilizoandikwa kwenye karatasi haziilazimishi inayofuata iwe ipi. Ukimkemea hapo, atajifunza kwamba hisabati ni kubahatisha kilichomo kichwani mwa mtunga mtihani. Ukimjibu vizuri, makosa mawili kati ya yale matatu yataanza kuondoka, kwa sababu yametokana na jambo hilohilo: anatazama namba zilizoandikwa, haulizi ni kanuni gani iliyozizaa. Kosa la tatu, lile la 0.10, ni ugonjwa mwingine kabisa na dawa yake ni nyingine. Nitalifikia.

Chukua 1, 2, 4. Inayofuata ni ngapi? Wengi watasema 8, maana kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Mwingine atasema 7: tuliongeza 1, tukaongeza 2, sasa tunaongeza 3. Wa tatu ataorodhesha vigawo vya 20, yaani namba zinazoigawanya 20 bila kubakisha kitu: 1, 2, 4, 5, 10, 20. Kwake inayofuata ni 5. Wote watatu wana kanuni, na hakuna aliyekosea.

Mtu anaweza kudhani kwamba tukiongeza namba mashaka yataisha. Hapana. Chora duara kubwa, weka nukta kwenye mzingo wake, kisha unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, ukiangalia mistari mitatu isikatane mahali pamoja. Hesabu vipande ambavyo duara limegawanyika. Nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 vipande 2, nukta 3 vipande 4, nukta 4 vipande 8, nukta 5 vipande 16. Nukta 6 je? Karibu kila mtu hujibu 32. Ukikaa ukahesabu kimoja kimoja utapata 31. Mchoreni pamoja jioni moja. Mtoto akiona kwa macho yake kwamba 1, 2, 4, 8, 16 inaweza kufuatiwa na 31, atajua swali lake halikuwa la kipuuzi.

Basi mtihani unadai nini? Mtunga swali anapoandika "namba inayofuata", anamaanisha hivi: tafuta kanuni iliyo rahisi kuliko nyingine, inayoeleza namba zote ulizopewa, kisha uiendeleze. Hayo ni makubaliano kati ya anayeuliza na anayejibu. Mwambie mwanao waziwazi: "Ndiyo, zinaweza kuwa nyingi. Kwenye mtihani tunatafuta ile rahisi inayozitosha zote." Neno "zote" ndilo alilokosa kwenye 3, 6, 12, 24.

Tazama alichofanya pale. Alichukua 24, akatoa 12, akapata tofauti ya 12, akaijumlisha na 24, akapata 36. Yaani alitii alichoambiwa: alitafuta tofauti. Tatizo ni kwamba aliitafuta mahali pamoja tu, mwishoni, na hakurudi nyuma kuona kama 12 hiyo inatosha pia kati ya 3 na 6, na kati ya 6 na 12. Haitoshi. Kanuni yake ilikuwa imeshakufa kabla hajaitumia. Kosa hili ni la kawaida sana, na linatokana na sisi watu wazima kufundisha "tafuta tofauti" kama vile ndiyo safari nzima, ilhali ni hatua ya kwanza tu.

Mzoeze aandike tofauti zote, moja chini ya kila nafasi, kabla ya kuwaza jibu:

3   6   12   24
tofauti: 3   6   12

Sasa aitazame safu ya chini na ajiulize inafanana na nini. Hapo ndipo kuna utajiri wa mada hii, na nitakaa hapo kidogo.

Kama tofauti zote ni sawa, mfano 4, 7, 10, 13, kila hatua tunaongeza namba ileile, na kazi imekwisha: 16. Kama mfuatano unashuka, mfano 100, 93, 86, 79, ni jambo hilohilo kwa kutoa: 72.

Kama tofauti hazilingani lakini zenyewe zinapanda kwa mpangilio, tofauti ndizo mfuatano mpya. Chukua 2, 5, 10, 17, 26. Chini yake kuna 3, 5, 7, 9, namba witiri zinazofuatana. Tofauti inayofuata ni 11, kwa hiyo jibu ni 37. Mtoto aliyezoea vipeo vya pili atafika hapohapo kwa njia fupi zaidi: ni 1, 4, 9, 16, 25, kila moja ikiongezewa 1, na kipeo cha pili cha 6 ni 36. Njia mbili zikikutana kwenye 37, ana sababu nzuri ya kuliamini jibu lake.

Kama safu ya tofauti inafanana na mfuatano wenyewe, hiyo ni dalili ya kuzidisha. Tazama tena: juu 3, 6, 12, 24, chini 3, 6, 12. Sababu yake si ngumu. Ukizidisha namba kwa 2, unachoongeza ni namba hiyohiyo, basi lazima ijirudie chini. Ukizidisha kwa 3, kama 2, 6, 18, 54, tofauti zinakuwa 4, 12, 36, ambazo nazo zinazidishwa kwa 3. Kwa hiyo mtoto akiona tofauti zinakua haraka, aache kutoa, aanze kugawanya: 6 gawanya kwa 2, 18 gawanya kwa 6, 54 gawanya kwa 18. Akipata 3 kila mahali, ameshinda. Zikiwa zinapungua kwa nusu, 80, 40, 20, 10, 5, jibu ni 2½, na hapa wengi huandika 0 kwa sababu tu 5 haigawanyiki vizuri kwa 2.

Kuna mfuatano mmoja maarufu ambao nao tofauti zake zinarudia namba zilezile: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13. Kila namba ni jumla ya mbili zilizo nyuma yake, hivyo inayofuata ni 21. Ulaya unahusishwa na Leonardo wa Pisa, aliyeuandika mwaka 1202 kwa hesabu ya sungura wanaozaana. Lakini wataalamu wa ushairi wa India walikuwa wameshaufikia kabla yake, walipokuwa wakihesabu njia za kupanga silabi fupi na ndefu katika mshororo. Kwa watu tunaokua tukihesabu mizani, hilo lina ladha yake.

Sasa tuje kwenye 2, 3, 5, 7, 11. Tofauti ni 1, 2, 2, 4. Mwanao alichukua ile 4 ya mwisho akapata 15. Hapa safu ya chini haina mpangilio wowote unaoonekana, na hiyo yenyewe ni taarifa. Inasema: weka chini kalamu ya kutoa, uliza hizi ni namba za aina gani. Ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. 15 inagawanyika kwa 3 na kwa 5, haiwezi kukaa hapo. Inayofuata ni 13.

Ndiyo maana kuna orodha chache ambazo mtoto hana budi azijue kwa moyo, kama anavyoijua njia ya kwenda shule: namba shufwa, namba witiri, namba tasa hadi 50, vipeo vya pili kutoka 1 hadi 144, vipeo vya tatu 1, 8, 27, 64, 125, na ile ya 1, 3, 6, 10, 15, 21 inayopatikana ukipanga vizibo vya soda kwa umbo la pembetatu, safu ya kwanza kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu. Zaidi ya hizo sioni haja ya kukariri mfuatano wowote.

Na hata anapozitambua namba tasa, akumbuke ile tahadhari ya mwanzo. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota huko Ishango, karibu na Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, mfupa wenye mikwaruzo iliyochongwa kwa mafungu, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Safu moja ina mikwaruzo 11, 13, 17 na 19. Hizo ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo waliosema basi aliyeuchonga alijua namba tasa. Wapo waliosoma humo hesabu ya siku za mwezi. Mfupa wenyewe haujasema kitu. Mafungu manne ya mikwaruzo hayatoshi kutuambia kanuni iliyokuwa kichwani mwa aliyechonga, na hilo ndilo jambo mwanao analolihisi.

Tofauti zikipanda na kushuka, mfano 2, 10, 4, 9, 6, 8, kwa kawaida ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Aruke moja moja: 2, 4, 6 ni mmoja, 10, 9, 8 ni mwingine. Inayofuata ni 8, kisha 7. Hii haihitaji maelezo zaidi. Akiiona mara tatu hataisahau.

Sasa ile 0.10. Hapa mtoto alijua vizuri kwamba tunaongeza. Alikosea kwa sababu anaisoma desimali kama namba nzima iliyowekewa nukta mbele: nukta saba, nukta nane, nukta tisa, na bila shaka nukta kumi. Sikio lake limemdanganya. 0.10 ni sawa na 0.1, ambayo ni ndogo kuliko hata 0.7 aliyoanzia. Usimweleze kwa maneno mengi. Chukua rula. Sentimita 0.7 ni vijistari saba vidogo, 0.8 ni vinane, 0.9 ni tisa. Mwambie asogeze ncha ya penseli kijistari kimoja zaidi, aone imefika wapi. Imefika kwenye 1. Kisha aendelee: 1.1, 1.2. Siku inayofuata mpe 0.97, 0.98, 0.99 uone kama ataandika 0.100 au 1.00. Akiandika 0.100, rudini kwenye thamani ya nafasi: sehemu ya kumi, sehemu ya mia. Huko ndiko penye ufa, na kumpa mifuatano mia moja ya desimali hakutauziba.

Sehemu nazo zina mtego wa aina yake. 1/2, 2/3, 3/4, 4/5 ni nyepesi: kiasi kinaenda 1, 2, 3, 4 na asili 2, 3, 4, 5, basi 5/6. Lakini 1/6, 1/3, 1/2, 2/3 huwachanganya hata watu wazima, kwa sababu sehemu zimerahisishwa na mpangilio ukafichika. Rudisha zote kwenye asili moja: 1/6, 2/6, 3/6, 4/6. Inayofuata ni 5/6. Akiona sehemu zisizoeleweka, jambo la kwanza atafute Kigawe Kidogo cha Shirika cha asili zote.

Kuna kosa jingine hukulitaja, lakini litakuja tu, na litamfuata hadi sekondari. Aulizwe: katika 4, 7, 10, 13, namba ya 20 ni ngapi? Watoto wengi huzidisha 20 kwa 3, wakapata 60, wakaongeza 4, wakapata 64. Jibu ni 61. Fikiria nguzo 20 za uzio zilizosimama kwenye mstari. Kati yake kuna nafasi 19. Ukianzia nguzo ya kwanza, unaruka mara 19 tu kuifikia ya 20. Basi ni 4 jumlisha 19 mara 3, yaani 4 jumlisha 57. Kanuni nzima ni hii: namba ya kwanza, jumlisha tofauti iliyozidishwa kwa nafasi ukitoa moja. Binti wa jirani anaiandika kwa herufi, lakini ni nguzo na nafasi zilezile.

Jambo hilo la nguzo linatatua pia namba zilizokosekana katikati. Kwenye 5, __, __, 20, mtoto huona mapengo mawili akagawanya 15 kwa 2, akakwama na 7.5. Hatua ni tatu: kutoka 5 kwenda pengo la kwanza, kwenda la pili, kwenda 20. 15 gawanya kwa 3 ni 5. Majibu ni 10 na 15. Mwambie achore vishale na ahesabu vishale, asihesabu mapengo.

Kuhusu tuisheni na mitihani ya nyuma, nitakuambia ninavyoona. Mitihani ya nyuma ni mizuri kwa kuzoea namna maswali yanavyoulizwa, na mtoto lazima aifanye. Kukariri majibu yake ndiko kusikosaidia, kwa sababu mtunga swali akibadili 3, 6, 12 kuwa 5, 10, 20, aliyekariri hana pa kushika. Tuisheni itafaa kama mwalimu anafundisha watoto wachache na anawauliza "umejuaje?". Kama ni chumba cha watoto arobaini wanaonakili majibu ubaoni, fedha yako itafanya kazi zaidi kwingine. Kwa makosa haya matatu uliyoyataja, dakika 15 nyumbani, siku nne kwa wiki, zinaweza kumtosha.

Katika dakika hizo, asimalize swali kwa kuandika jibu tu. Aandike kanuni kwa sentensi moja ya Kiswahili: "Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia." Kisha aweke alama ya vema kwenye kila nafasi ambapo kanuni imefanya kazi. Nafasi moja ikikataa, kanuni inatupwa, hata kama alikuwa ameshaipenda. Halafu umwombe atunge yeye mifuatano mitatu ya kukujaribu wewe. Zoezi hili la kutunga nalithamini kuliko yote, kwa sababu anayetunga lazima aanze na kanuni, na namba zije baadaye. Ndiko upande ambao hajawahi kusimama. Atatunga ya ajabu, nawe utakosa, na ataruka kwa furaha. Mwache aruke, kisha mwombe akuoneshe kanuni inavyopita kila mahali.

Mazoezi mengine yako tayari ndani ya nyumba. Dawa ya kumeza kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, tena saa 12. Kwenye karatasi ni 12, 8, 4, 12. Inaonekana tunatoa 4, kisha ghafla inapanda. Kanuni halisi ni kuongeza 8 kwenye saa yenye namba 12: 12 na 8 ni 20, ukitoa 12 inabaki 8, 8 na 8 ni 16, inabaki 4, 4 na 8 ni 12. Hapa mtoto anaona kwamba kanuni iko kwenye kinachotokea duniani, nje ya zile namba.

Au miaka ya uchaguzi. Tanzania: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015, 2020, 2025, kila hatua 5. Kenya: 1992, 1997, 2002, 2007, kisha 2013, 2017, 2022. Tofauti ni 5, 5, 5, halafu 6, 4, 5. Aliyetegemea namba tu angesema 2012 na angekosea. Katiba mpya ya 2010 ndiyo iliyobadilisha tarehe ya uchaguzi. Mpe pia miaka mirefu: 2088, 2092, 2096. Ataandika 2100. Kanuni ya kalenda inasema mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu endapo tu unagawanyika kwa 400, hivyo 2100 si mwaka mrefu na unaofuata ni 2104.

Na kama mna mchezo wa akiba wa wiki 52, shilingi 1,000 wiki ya kwanza, 2,000 ya pili, hadi 52,000 wiki ya mwisho, muulize mtakuwa na kiasi gani. Aoanishe ya kwanza na ya mwisho: 1,000 na 52,000 ni 53,000. Ya pili na ya 51: 2,000 na 51,000 ni 53,000 tena. Kuna jozi 26. Shilingi 1,378,000. Kikokotoo atakitumia kuhakiki tu.

Umeuliza kama ana tatizo la akili ya hesabu. Kwa barua siwezi kumpima mtoto, lakini katika uliyoyaeleza sioni dalili hiyo: anajumlisha, anatoa, anazidisha, na anauliza swali zito. Yapo mambo ambayo yangenifanya nikuombe umpeleke kwa mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukiona hawezi kuhesabu kurudi nyuma kutoka 20, au kwa mbilimbili na tanotano, bila vidole, ilhali yuko darasa la tano. Au hawezi kusema haraka kati ya 68 na 86 ipi ni kubwa. Au amefanya mazoezi haya kwa wiki sita hadi nane bila mabadiliko yoyote, zungumza na mwalimu wake wa darasa, na ikibidi Afisa Elimu Kata, akuelekeze kwa walimu wa elimu maalumu. Kuna watoto wenye ugumu wa kujifunza unaohusu namba peke yake, na hauna uhusiano na akili yao kwa ujumla. Ukitambuliwa mapema wanasaidika. Kama ananakili vibaya kutoka ubaoni, anakunja macho, au analalamika kichwa, anza na kipimo cha macho hospitali kabla ya kitu kingine chochote. Na kama tumbo linamuuma asubuhi za siku zenye Hisabati, usilipuuze, hata kama kila kipimo kinaonesha mzima. Huenda anaogopa kitu darasani. Muulize kwa upole, kisha nenda ukaonane na mwalimu.

Kutojua jedwali la kuzidisha hakuingii humo. Hilo ni pengo la mazoezi, linazibika, na lazima lizibwe, maana mtoto asiyejua 6 mara 7 hawezi kuona kuzidisha ndani ya mfuatano hata ukimwelekeza.

Imebaki ile iliyowatoa jasho. Binti wa jirani alifanya hivi:

3   5   9   17
2   4   8
2   4
2

Alitoa, akatoa tena, akatoa tena, akabakiwa na 2. Akadhani hiyo 2 haibadiliki, akapanda nayo: 4 na 2 ni 6, 8 na 6 ni 14, 17 na 14 ni 31. Hesabu yake haina kosa hata moja. Tatizo liko chini kabisa ya pembetatu yake. Namba nne ukizitafutia tofauti mara tatu, lazima ibaki moja, hata ungeziokota barabarani. Jaribu 6, 1, 8, 3: utashuka hadi −24, nawe unaweza kupanda nayo hadi ukapata −38. Njia hii hutoa jibu daima, kwa hiyo kutoa jibu pekee si ushahidi wa kitu. Inakuwa ushahidi pale safu ya chini inapokuwa na namba mbili au zaidi zilizo sawa. Kwenye 2, 5, 10, 17, 26 safu ya pili ni 2, 2, 2. Hapo tunaweza kuiegemea. Kwenye swali lenu ilikuwa na 2 moja iliyosimama peke yake.

Wewe ulipata 33, labda kwa kuona tofauti 2, 4, 8 zinavyojizidisha mara mbili, au kwa kuona kwamba kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia ukitoa 1: mara mbili 3 toa 1 ni 5, mara mbili 5 toa 1 ni 9, mara mbili 9 toa 1 ni 17. Kanuni hiyo imepita mara tatu bila kukwama, na kwenye mtihani jibu ni 33. Lakini usimwambie mtoto bado. Mwekee mezani kanuni zote mbili, ya 33 na ya 31, bila kutaja ipi ni ya nani, umwombe akuambie ipi imepimwa kwa namba zilizopo na mara ngapi, na ipi haijapimwa hata mara moja.